Nilifagia Siku Isiyofagiwa

Lewisville, Jumamosi ya Februari

Baridi kavu leo, na upepo unatingisha madirisha tangu alfajiri. Asubuhi nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya maktaba, maana kikwanguo chenyewe mume wangu Salim ameondoka nacho kwenye lori. Mgongo unauma. Lakini moyo umetulia, na kabla sijalala nataka niyaandike haya.

Tangu juzi nilikuwa sijui kama nina kazi au sina.

Kazi yenyewe ni kwenye ghala la vyombo vya mikahawa huko Dallas: sahani, mabakuli, masufuria, vijiti vya kulia. Wenyewe ni Wachina. Niliipata baada ya mgongo kunigomea kwenye nyumba ya wazee, nilikokuwa nikinyanyua wagonjwa. Nilijaza fomu kila mahali na hakuna aliyenijibu. Kwa Bi. Lin, mwenye ghala, hakukuwa na fomu. Aliniuliza maswali mawili tu: una gari, na huwa unachelewa? Kisha akasema nijaribu miezi mitatu, halafu ataangalia.

Miezi hiyo mitatu imetimia wiki hii. Nikiikosa kazi hii, narudi kunyanyua watu wazima vitandani, na daktari ameshaniambia mgongo wangu hautaki tena.

Ghalani yuko pia mama mkwe wa Bi. Lin. Wote tunamwita Nainai, yaani bibi. Hajui Kiingereza na mimi sijui Kichina, kwa hiyo tunaongea kwa macho na vidole. Yeye ndiye anayepika chakula cha mchana, na saa saba sote tunakaa meza moja. Aliposikia kwamba sili nguruwe, alichukua kikaango kipya kabisa rafuni, akakifunga uzi mwekundu kwenye mpini, na mpaka leo hakuna mwingine anayepikiwa humo. Sikumwomba.

Sasa niseme nilichofanya.

Jumatano sikwenda kazini, nilimpeleka binti yangu Rukia kwa daktari wa meno. Alhamisi ilikuwa mwaka mpya wa Kichina. Huku Texas Alhamisi ni Alhamisi tu, mikahawa inataka sahani zake, kwa hiyo ghala lilikuwa lifunguliwe kama kawaida. Nikafika kabla ya wote, maana nina ufunguo. Sakafu ilikuwa na vipande vya karatasi nyekundu walizobandika milangoni, na maganda ya karanga. Nikasema moyoni, sikukuu ya watu haianzi na uchafu.

Na nikiri hapa: nilitaka Bi. Lin anikute na ufagio mkononi.

Ufagio haukuwa mahali pake. Niliutafuta karibu robo saa, nikaukuta nyuma ya maboksi ya masufuria, umefunikwa gunia. Mwenye akili angejiuliza nani aliyeuficha na kwa nini. Mimi nilifurahi kuupata. Nikafagia kuanzia mlango wa mbele mpaka wa nyuma, sikuacha kona, nikatia taka kwenye mfuko na kuutupa kwenye lile pipa kubwa la chuma lililo nje.

Nainai alipoingia nilikuwa nimesimama mlango wa nyuma, nakung'uta ufagio kwa nje. Hakupiga kelele. Alijifunika mdomo kwa kiganja, akaja akaninyang'anya ufagio taratibu, akaanza kuongea kwa haraka na mkwewe Bi. Lin, aliyeingia nyuma yake.

"Leo hatufagii," Bi. Lin akaniambia. "Ukifagia leo, unaitoa nje bahati ya mwaka mzima."

Nikacheka. Nilidhani ananitania, na nafikiri kicheko kile kiliwaudhi kuliko ufagio.

Kama hiyo haitoshi, kabla ya chakula cha mchana mteja wa Fort Worth, anayefungua mkahawa mpya, alipiga simu kuahirisha oda yake yote. Bi. Lin aliweka simu chini, akamtazama Nainai, Nainai akanitazama mimi. Kisha Bi. Lin akasema niende nyumbani nikapumzike.

"Tutakupigia."

Neno hilo nimeambiwa na watu wengi katika nchi hii, na hakuna hata mmoja aliyepiga.

Nilirudi na hasira. Nikampigia Salim, alikuwa njiani Oklahoma. Alicheka kwanza, kama kawaida yake.

"Sasa wewe, ufagio umefichwa na bado wautafuta? Si ungeuliza?"

"Nitauliza vipi kitu nisichokijua? Huo ni ushirikina wao tu."

"Basi usingoje simu yao. Nita-call jamaa yangu mmoja Haltom City, kuna warehouse wana-hire. Wewe u-apply tu."

Jioni, baada ya Magharibi, Rukia alimwaga wali sakafuni. Akaenda kuchukua ufagio, nami nikamkataza pale pale. Okota kwa mkono, nikamwambia, usiku hatufagii, utaifukuza riziki.

Akanitazama, na wali kiganjani. "But Mama, that's what the Chinese lady said. You told Baba it's superstition."

Nikapiga magoti, nikaokota wali pamoja naye.

Bibi yangu Mombasa hakuruhusu ufagio uguswe jua likishazama. Hakutueleza, na sisi hatukuuliza, na mimi nimelibeba katazo hilo mpaka kwenye fleti ya Lewisville yenye zulia na mashine ya kunyonya vumbi. Wala mashine hiyo siiwashi usiku. Halafu mchana wa siku ile ile nimewacheka wenzangu usoni. Niliona haya, haya ya kweli, peke yangu jikoni.

Ijumaa nilikaa na simu mapajani. Haikulia.

Usiku nikawaza niende nikaseme nini. Kumwomba radhi Bi. Lin ni rahisi, lakini aliyeumia ni Nainai, na Nainai hana haja na Kiingereza changu. Mimi siamini kwamba bahati inakaa kwenye vumbi. Mtoa riziki ni Mungu. Lakini ukiingia nyumba ya watu ukavunja chombo, huanzi kujadiliana nao kama chombo chenyewe kilikuwa na thamani.

Na pipa lile huzolewa Jumatatu.

Leo basi nimekwenda bila kuitwa. Nimepita moja kwa moja nyuma ya ghala, nikapanda juu ya kreti na kuinamia pipani. Mfuko wangu nimeutambua kwa karatasi nyekundu. Ulikuwa chini ya maboksi yaliyolowa, na kuutoa kumeniharibia koti. Nikazunguka nao jengo zima ili niingie kwa mlango wa mbele, kwa sababu nilidhani kitu kilichotolewa kwa nyuma hakifai kurudi kwa nyuma. Hilo nimelitunga mwenyewe.

Nainai alikuwa kwenye kiti chake anamenya vitunguu thaumu. Nimeuweka mfuko mbele yake, kwa mikono miwili. Wenzangu wote waliacha kufunga maboksi.

Aliufungua, akachungulia, akatia mkono na kutoa ganda la karanga. Akaligeuza geuza. Kisha akaanza kucheka, cheko la bibi mwenye meno machache, mpaka akajifuta machozi kwa aproni. Akasema maneno mengi, akanionyesha vidole vitano.

Bi. Lin hakucheka. Yeye hacheki kazini. "Anasema mfuko ukae pale kwenye kona. Siku ya tano ya mwaka mpya ndiyo ya kufagia na kutupa. Siku ya tano ni Jumatatu."

"Nani atafagia?"

"Aliyetoa ni wewe, aliyerudisha ni wewe. Unataka afagie nani?"

Nikaona bora niulize wazi, maana kutouliza ndiko kulikonifikisha pipani. Nikamwambia kwamba miezi mitatu imekwisha, na kwamba sikupigiwa simu.

"Ndiyo, imekwisha," akasema, akanipa orodha ya maboksi ya kubandika lebo. "Koti lako linanuka. Livue."

Oda ya Fort Worth haijarudi, na sijui kama itarudi. Bi. Lin hajalitaja tena jambo hilo. Mchana Nainai amenipikia mayai na nyanya kwenye kikaango changu, nami nimekula nikiwa nimeinamisha uso ili wasione macho yangu. Garini nimelia kidogo kabla ya kuwasha injini. Salim nimemwambia amwache yule jamaa wa Haltom City.

Jumatatu nitafika mapema kama kawaida. Lakini ufagio sitaugusa mpaka Nainai anikabidhi kwa mkono wake.