Sehemu ya Mama Mchota Maji

Jumamosi

Kaltuma ameipata. Sehemu ya mama mchota maji katika igizo, niliyoifanyia mazoezi jikoni mwezi mzima, amepewa yeye, aliyekuja tu kunisindikiza.

Mimi niliimba bila kukosea, mikono nyuma, kama tunavyofunzwa kwayani. Mwalimu wa kikundi akasema, "Vizuri, Makena. Lakini huyu mama ana kiu."

Akamwita Kaltuma naye ajaribu. Kaltuma akainama, akaimba kama anayevuta kamba, jinsi kwao Merti wanavyowaimbia ng'ombe kisimani. Mwalimu akaandika jina lake papo hapo.

Njiani akaniambia, "Wewe, maneno ya Kiswahili yananishinda. Utanifunza?"

Nikakubali. Igizo ni la kuchangia tangi la shule ya Sericho, ningekataaje? Lakini nimemwomba Mungu ampe mafua, kidogo tu, siku ile moja ya onyesho. Maneno yote ninayajua.