Mshiriki wa Saba

Bibi,

Shikamoo. Ulinizoesha nisiseme neno lolote mlangoni kwako kabla ya hilo, na ingawa leo hakuna wa kuniitikia marahaba, siwezi kuanza pengine.

Nimechoka, Bibi. Nakuandikia kutoka Masasi, kwenye meza ile ile ninayosahihishia madaftari ya wanafunzi, na pembeni yangu kuna tasnifu iliyorudishwa kwa mara ya tatu. Unaikumbuka, uliiita "lile buku lako lisiloisha." Kweli haliishi. Nilianza kuandika habari za wanawake katika dini Neema wangu akiwa darasa la tatu. Sasa ananizidi kimo, na liliporudi mara ya pili bado niliulizwa nina maana gani ninaposema "mamlaka" katika sura ya pili.

Habari za Newala sijui kama zinakufikia. Mikorosho imechanua vizuri, hata ule wa nyuma ya choo uliokuwa ukiutishia shoka kila mwaka. Maji bado ni ya kusubiri. Mama Salama, aliyekushikia kata ya maji miaka yote ile, ndiye mwosha maiti sasa. Anasema akiingia nyuma ya pazia macho yake hukutafuta kwanza, ndipo anapokumbuka. Kisha anaosha.

Nilikuja kwako mara ya kwanza na mkoba wa fomu. Nilikuwa nimesikia kwamba wanawake wa mtaa wenu, wakifa, wote hupita mikononi mwako, na kwamba hata shehe husimama nje akisubiri useme wewe. Vitabu nilivyosoma vilisema mwanamke amewekwa pembeni ya dini. Nilipokusomea hayo ukaniuliza, "Pembeni ya wapi? Nyuma ya pazia hakuna shehe." Nikaandika mbio mbio. Ukacheka, ukataka kujua kama na kicheko nimekiandika.

Mimi Mkristo wa Lupaso sikuwa na ruhusa ya kuingia. Nilikaa nje mkekani na wafiwa, nikisikia maji yakimwagwa kidogo kidogo, kwa kuwa huko kwenu maji hayamwagwi ovyo hata kwa maiti. Hapo ndipo niliposikia jambo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote. Ulikuwa ukimwita marehemu kwa jina lake. "Mwanaisha binti Saidi, nakugeuza. Mwanaisha, maji yana ubaridi kidogo, vumilia." Kuna wazee walikukataza, wakasema maiti haongeleshwi. Ukawajibu kwamba hujawahi kumshika mtu bila kumwambia, na hutaanza kwa yule asiyeweza kukukataza. Nilipenda jibu lile kuliko sura zangu zote tano.

Sasa nikuambie kosa langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Fomu ile ya ridhaa ilikuwa na visanduku viwili. Kimoja kinasema jina langu litajwe, kingine kinasema lisitajwe. Mimi nilitia tiki kwenye "lisitajwe" katika fomu zote ishirini na moja, hapa hapa mezani, kabla hata sijapanda gari la Newala. Ndivyo tunavyofundishwa: ficha jina, umlinde mtu. Na nilitaka kuokoa muda. Ulipoipokea ukasema, "Nisomee, herufi zenu hizo mimi sizijui." Nikakusomea juu juu. Jua lilikuwa kali na nilikuwa na nyumba mbili zaidi za kufika. Ukachukua kalamu, ukainama, ukaandika chini kabisa mstari mrefu wa herufi za Kiarabu, pole pole, huku midomo ikicheza. Nikadhani ni dua. Nikasema, "Amina."

Ukanitazama. Sasa najua ulikuwa ukinitazama kwa nini.

Na katika sura ya nne nikaandika juu yako, kwa uhakika wa mtu aliyesoma: Mshiriki wa Saba hajui kusoma wala kuandika.

Siku ile ya mwisho, ulipokuwa umelala ubavu na kifua kikikubana, ulitaka nikuonyeshe ulipo ndani ya buku. Nikaweka kidole. Mshiriki wa Saba. Ukauliza, "Wa saba kwa nani?" Ukasema, "Maiti mie namtaja. Wewe mie mzima hunitaji. Niandike jina langu." Nikakuahidi. Kisha ukaongeza, kwa uchovu, "Mbona nilishasema." Sikukumbuka ukisema. Mungu anisamehe, nilidhani ni homa.

Ulipofariki nilikuwa nasimamia mitihani. Nilifika kaburi limeshafukiwa. Nakulilia mpaka leo kwa hilo, Bibi, kwamba sikukaa nje ya pazia lako wewe.

Nikampelekea msimamizi wangu wa tasnifu ombi la kutaja jina. Si mtu mbaya, ni mama mpole, na alinisikiliza hadi mwisho. Akasema ahadi ya mdomo haitoshi, marehemu hatoi ridhaa, na fomu iliyopo inasema lisitajwe. Aliniambia sheria hiyo ipo kwa ajili ya kukulinda. Nikamwambia imekulinda mpaka umepotea. Hakubadili neno.

Nakuambia ukweli wote: nilikubali. Ilibaki saini moja nimalize. Nilijiambia Bibi angeelewa, Bibi hakuwa na makuu. Mtu aliyechoka hapungukiwi na sababu.

Nilikuja kwenye arobaini yako nikiwa na ile fomu kwenye mkoba. Nilitaka kuirudisha kwa wanao na kuomba radhi. Nikamkuta Mama Salama uani anachambua mchele. Akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea. Kidole chake kikaanza upande wa kulia wa ule mstari, kikaenda kushoto. Akasoma mara ya kwanza kimoyomoyo, mara ya pili kwa sauti:

"Mimi Somoe binti Athumani, mwosha wanawake wa Newala, nimekubali. Jina langu liandikwe, mtu asije akadhani maji yalijimwaga yenyewe."

Mama Salama akaniuliza, kwa upole ulioniumiza, kama sikujua kwamba wewe na dada yako wa Lindi mliandikiana barua kwa herufi hizo tangu mkiwa wasichana. Sikujua. Miaka miwili nakuhoji, Bibi. Nilikuuliza juu ya Mungu, juu ya waume, juu ya shehe na padri. Sikukuuliza kama unajua kuandika.

Nililia pale, na hawakunibembeleza. Walinipa ungo wa pili nichambue mchele.

Kamati ya chuo imeuona mstari wako. Umetafsiriwa, umehakikiwa, umekubaliwa. Ndiyo sababu ya buku kurudi mara hii ya tatu: nirekebishe kila palipo na Mshiriki wa Saba. Neema amenicheka. Kasema kompyuta inaweza kubadilisha yote kwa mpigo mmoja, nibonyeze tu. Nimekataa. Nabadilisha mahali pamoja baada ya pengine. Ile sentensi ya sura ya nne niliitoa kwanza.

Ila kuna jambo jingine, na hili ndilo linalonichosha mifupa. Zimebaki fomu ishirini. Wote nimewatilia tiki mimi. Mshiriki wa Kwanza, wa Pili, yule mama wa Lukuledi aliyefua vitambaa vya altare maisha yake yote, yule wa Lisekese anayefundisha wasichana Kurani barazani kwake. Msimamizi anasema si lazima, kazi inatosha, nimalize. Labda ni kweli. Lakini likizo hii narudi nyumba kwa nyumba na fomu tupu. Nitakaa chini, nitasoma taratibu, nitauliza, na nitasubiri jibu. Atakayetaka kufichwa nitamficha. Mahafali ya mwaka huu yatanipita, basi yapite.

Hiyo ndiyo ahadi, Bibi, na safari hii nimeiandika.

Pumzika. Mama Salama aliniambia alipokuosha alikuita jina tangu mwanzo mpaka mwisho, hata sauti ilipomkauka. Nimejifunza kwake. Kila nifikapo palipo na ile namba, kabla sijaifuta, nakuambia kwanza.

Somoe binti Athumani, nakuandika.

Mwanao,
Mama Neema