Wembe wa Bi Zuwena

Jumatatu, 19 Januari

Nywele za Kirtan zimepotea. Leo, baina ya saa tatu na saa tano asubuhi, mie niko dukani Darajani napakia chevda, dengu na njugu za kukaanga. Nimerudi mchana kuwalisha watoto, namkuta mwanangu kipara. Kinang'aa mafuta ya nazi.

Bi Zuwena, yaya wetu, kamnyoa. Kwa wembe wake mwenyewe. Na furaha juu!

"Mtoto anakaribia miaka mitatu yungali na nywele za tumboni, Mama Mira. Vipele vya joto vimemjaa. Sie wetu huwanyoa siku ya saba. Nikasema nyie kazi nyingi, mmesahau."

Hatukusahau. Kwetu Kachi, Uhindini, nywele za kwanza hazioni wembe mpaka mtoto afikishwe kwa mungu wa ukoo, zikatwe mbele yake, aachiwe yeye. Baada ya Mira niliharibu mimba mbili. Hapo ndipo Ba, mama mkwe wangu, alipoweka nadhiri: akizaliwa mtoto akasimama, nywele zake atazipeleka mwenyewe. Safari ni mwezi wa nne. Tiketi nshakata.

Nikamuuliza zimekwenda wapi. Akaanza, "Ziko mahala pazuri, nlikuwa nataka nikuu—" Sikumwacha amalize. Nlikuwa nshapandisha sauti. Kirtan akaanza kulia, Mira naye akamfuata. Bi Zuwena akawabeba wote wawili, akawapeleka jikoni, nikabaki nagombana na ukuta.

Hasira zangu za haki. Nasema hivyo na narudia.

Jumanne, 20 Januari

Kofia. Ya sufu, yenye masikio, shangazi yangu mmoja alileta kutoka Uingereza. Joto hili. Mtoto anatoka jasho mpaka kidevuni, lakini Ba, aliyeshinda jana hekaluni, hajajua, na asijue mpaka Jayesh azungumze na mama yake. Ni mama yake yeye, si wangu. Nimemwambia asubuhi. Kasema, "Tutaona." Mume wangu ana duka la simu, siku nzima anazungumza na watu asiowajua. Akifika nyumbani, neno moja.

Mira nimemwonya asiseme kitu. Miaka sita. Chakula cha usiku, mbele ya watu wote: "Ba, usimvue Kirtan kofia, ndani mna siri." Ba kacheka, kadhani mchezo. Mie nikamwongezea wali.

Bi Zuwena amekuja kama kawaida, na mihogo ya watoto. Kaniomba radhi. Nimemjibu "haya" tu.

Naandika Kiswahili kwa sababu Ba huvaa miwani akasoma kila karatasi iliyoachwa mezani. Kigujarati hakimpiti. Hiki kinampita.

Alhamisi, 22 Januari

Ba kavua kofia.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye pembea ya sebuleni, akampakata Kirtan, akawa anampapasa kichwa kwa kiganja, mbele na nyuma, kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Jayesh akaangalia simu. Ba akasema, mwite yule.

Bi Zuwena kaja, mikono ina sabuni. Ba anasema, mie nafasiri. Muulize kazipeleka wapi. Muulize nani kamtuma. Mwambie nywele za kwanza hutafutwa na wachawi, na kwamba yeye anajua.

Nikafasiri. Yote. Ningeweza kulipunguza neno moja, wala Ba asingejua. Sikulipunguza. Nlikuwa bado nna hasira ya Jumatatu.

Bi Zuwena alinitazama mie, si Ba. "Mchawi? Mie, Hetal?"

Miaka sita ananiita Mama Mira. Leo kaniita jina langu.

Akanawa mikono. Akavaa buibui. Akambusu Kirtan pale juu ya kipara, akashuka ngazi. Mlango wa chini kaufunga polepole. Afadhali angeubamiza.

Ijumaa, 23 Januari

Siku ya kwanza bila yeye. Sikufungua duka.

Kirtan hakula. Ba kamtengenezea khichri, wali laini wa choroko, kamwita kila jina tamu analolijua, mtoto anafunga mdomo. "Bibi kenda wapi?" Ndivyo wanavyomwita Bi Zuwena. Ba ananiuliza anasema nini. Namwambia anataka maji. Akamletea maji, mtoto akamwaga. Ba akaenda chumbani kwake, akafunga. Najua alikuwa akilia. Mjukuu aliyemwekea nadhiri anamlilia mtu mwingine, kwa lugha ambayo yeye hana. Leo nimemhurumia na nimemchukia, vyote kwa pamoja.

Jioni nimekaanga kidogo, dengu zimeungua. Mie! Nlianza na karai la kuazima na jiko moja la mkaa. Sasa maduka matano yanachukua kwangu, na watu husema Hetal kajijenga kwa mikono yake. Kweli. Lakini mikono miwili. Mira alikuwa mgongoni kwa nani mikono hiyo ilipokuwa ndani ya mafuta? Mtoto wangu huwa macho saa kumi na mbili kwa siku. Nane za Bi Zuwena. Hesabu hii siku zote nlikuwa naijua. Naruka tu jibu lake.

Jayesh: "Tutapata mtu mwingine." Nimempa Kirtan amwogeshe. Baada ya robo saa walikuwa wameroa wote wawili na hasemi tena kuhusu mtu mwingine.

Jumapili, 25 Januari

Nyumba kimya. Ba kwenye pembea anachambua mchele. Mira chini, na mwanasesere wake na kijiko. Anamnyoa. Katandika mtandio wangu mapajani, kila "unywele" anaupokea kwa mkono mwingine, anauweka, anapuliza, anakunja pembe.

Ba akamuuliza, huo mchezo gani.

Mira akasema ndivyo Bibi alivyofanya. Alitandika kanga yake mpya, ile ya sikukuu, hata haijafuliwa. Akamwambia Mira asipumue kwa nguvu, hata mmoja usianguke chini, hizi amana ya mama. Mmoja ulidondoka karibu na mguu wa kiti, wakautafuta wote wawili kwa magoti mpaka wakaupata.

Ba akaacha mchele.

Kwetu siku ya nywele, shangazi wa mtoto, dada wa baba, ndiye hukaa chini ya mkono wa kinyozi. Hutandika pindo la sari akazipokea, zisiguse ardhi. Hiyo kazi yake, hafanyi mwingine. Ba hakuzaa binti. Tulikuwa tumuombe binti wa jirani kule, msichana ambaye Kirtan hajapata kumwona.

Ba kasogeza ungo pembeni. Kisha: "Nani alimfundisha?"

Nikasema hakuna aliyemfundisha.

"Basi nenda kamlete." Kama ananituma mkate. Nimefika mlangoni akaniita tena. "Ngoja kesho. Nitakwenda mwenyewe. Nimtengenezee kitu."

Jumatatu, 26 Januari

Jang'ombe, kwa Bi Zuwena. Ba kwenye teksi na sufuria ya ladu, madonge matamu ya unga, mapajani, sari yake nzuri, anaogopa kila shimo. Watoto walishuka kabla gari haijasimama sawasawa. "Bibi!" Kirtan alijitupa hata sikuona uso wa Bi Zuwena. Niliona mgongo wake tu unatikisika.

Nikamwamkia. "Marahaba, Mama Mira." Nikashukuru jina.

Akaingia ndani, akatoka na kifundo cha kanga. Nywele zote, zimefukizwa udi. Alizipeleka kwa sonara zikapimwa, akatoa sadaka ya uzito wake kwa fedha, kwa jina la Kirtan. Ndilo alilotaka kuniambia siku ile: sadaka ataitoa yeye, na nywele tuzizike wapi. Nikamuuliza pesa katoa wapi. "Hayo hayakuhusu."

Nikamfasiria Ba. Sikuongeza, sikupunguza. Ba akafumba macho. Akachukua ladu, akamlisha Bi Zuwena kwa mkono wake, kama tunavyowalisha watu wetu. Bi Zuwena hakutarajia, akacheka mdomo umejaa. Wakakaa mkekani, Kirtan katikati yao, hawana hata neno moja la kuzungumza.

Ba akasema nimuulize. Arudi. Na mwezi wa nne twende naye Kachi. Zilizoota zitanyolewa mbele ya mungu, zichanganywe na hizi, na kanga yake ndiyo ipokee. Kama dini yake haimzuii.

Bi Zuwena akamfuta Kirtan unga mdomoni. Akamimina chai. "Inshallah."

Nimekulia mji huu tokea nna miaka minne. Inshallah nazijua zote. Hiyo haikuwa ya ndiyo. Hiyo ni ile ya mtu aliyeumizwa, hataki kukunyima mbele ya watoto.

Nikamshika mkono mlangoni, Ba keshapanda gari. Nikamwambia lile neno la Alhamisi lilitoka kinywani mwangu na sitasema alilisema mtu mwingine. Nikamwambia safari akitaka aikatae, hata asipokwenda nafasi yake kwetu ni ile ile. Lakini kurudi, sitaki inshallah, sitaki tutaona. Kesho, kabla ya adhana ya adhuhuri, nitakaa ngazini kwetu kungoja jibu lake. Niambie kwa mdomo wako, Bi Zuwena: unakuja, au huji?