Wasifu wa Getrude Umepotelea Mikononi Mwangu

Dada Costancia, shikamoo. Hili nimeshindwa kulibeba peke yangu, naomba unisaidie. Nina steshenari hapa Mikumi, na kwa miezi miwili kompyuta yangu imekuwa ikiomba ijiapdeti nami nabonyeza "baadaye" tu kwa sababu apdeti inamaliza bando lote, sasa Alhamisi asubuhi akaja mzee Shilinde, mfugaji wa kijiji cha Ulaya, huku kwetu Kilosa, amefiwa na mkewe Getrude, maziko saa nane siku hiyohiyo, anataka wasifu wa marehemu wa kusomwa mazikoni, na wengine huja na karatasi iliyoandikwa lakini yeye hajui kusoma wala kuandika, basi akawa anasema nami nachapa, jinsi walivyohama na ng'ombe kutoka Maswa mkewe akiwa mjamzito, jinsi alivyomjua kila ng'ombe kwa mlio wake, akafuta machozi akasema, "Haya sijawahi kumwambia mtu."

Nikainuka kumtolea mteja kopi, mzee akaniita, "Binti yangu, kuna namba zinapungua hapa," nikamjibu bila hata kugeuka, "Ziache tu, mzee," na niliporudi kompyuta imejizima na kujiwasha, inaapdeti, imeandika nisiizime, na mimi sikuwa nimeseva hata mstari mmoja. Ilikaa zaidi ya saa nzima, bodaboda anapiga honi nje, na mzee aliponiuliza kulikoni nikamwambia umeme umekatika. Umeme! Na feni inazunguka juu ya kichwa chake. Akasema, "Haya, ni mipango ya Mungu," akaondoka mikono mitupu. Jirani yangu Jackline alikuwepo mazikoni, anasema lilisomwa jina na tarehe, basi. Dada, najuta mpaka chakula hakipiti. Nifanyeje apdeti zisinivamie tena?

Agatha, Mikumi

Marahaba, Agatha. Pole, lakini leo nitakugombeza. Kompyuta haikukuvamia, imekuomba miezi miwili. Mzee asiyejua kusoma ndiye aliyeliona onyo, na wewe unayejua kusoma hukugeuza hata shingo.

Ya kompyuta ni mepesi. Fungua setingi, sehemu ya apdeti, uzisimamishe kwa wiki kadhaa, kisha uiwekee saa zako za kazi ili isijiwashe upya mchana. Iambie pia kwamba intaneti yako ni ya bando la kupimwa, haitashusha mafaili makubwa ovyo. Ila usizizuie milele, maana ndizo zinazoikinga na virusi. Jumapili duka likiwa limefungwa, nunua bando, iache imalize. Na useve kila aya, hata mteja akikuita.

Umeniuliza habari za apdeti, lakini kinachozuia chakula kupita ni ule uongo. Siku ya kuweka msalaba kaburini bado haijafika, na wasifu unaweza kusomwa siku hiyo. Kesho funga duka, nenda Ulaya na daftari na kalamu. Msalimie, mwambie ukweli kabla hujakaa, kisha umwombe asimulie tena, uandike kwa mkono. Huenda asiseme yote uliyoyasikia mara ya kwanza. Hilo utaishi nalo.

Na usiende ukidhani unampelekea habari mpya. Feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa chake, Agatha. Mzee aliiona, akaamua kukusitiri.