Maili Thelathini na Nane Si Mbali

Jumatano, 5 Februari

Wamenipigia! Kutoka kwa Mkubwa mwenyewe, Waziri Mkuu — si yeye hasa, ofisi yake. Jumapili hii natokea kwenye vipindi vya mahojiano vya televisheni. Vyote viwili. Saa mbili na nusu kwa Fergus Dalgleish, saa tatu kamili kwa Rhona Mackie, kituo kingine. Miaka kumi na moja nipo bungeni, miwili nikiwa naibu waziri wa barabara, na kila Jumapili nimekaa na mkate wangu wa kubanika nikiwazomea wenzangu mle kwenye televisheni. Sasa zamu yangu.

Nimempigia mke wangu Hilary nyumbani Skelbeck kumpa habari. Alikuwa anamenya viazi, nikamsikia anaacha. Akauliza wakubwa wote wamekwenda wapi. Nikamwambia Waziri wa Afya ana mafua, wa Fedha ana ubatizo, wa Mambo ya Ndani simu yake haishiki.

"Na wewe hujiulizi, Neville?"

Nikamwambia wivu si mzuri. Akacheka, akarudi kwenye viazi vyake.

Alhamisi, 6 Februari

Mazoezi na Tamsin, msaidizi wangu wa habari. Ana miaka ishirini na sita na hajawahi kuonekana ameshtuka. Alijifanya Dalgleish, akanihoji mpaka nikalowa shati.

Masharti yake: nisiseme "sijui". Nisiseme "ndiyo". Nisiseme "hapana". Nikauliza sasa nibaki na neno gani. Akasema kila jibu lianze na "Tazama." Tazama, Fergus. Tazama, Rhona. Halafu nijibu swali ambalo ningependa niulizwe, si lile nililoulizwa.

Pia nimekariri bei ya maziwa. Huwa wanawatega watu kwa maziwa.

Ijumaa, 7 Februari

Mashimo ya barabarani. Nimesoma mashimo tangu asubuhi. Wakiniuliza habari za lami watajuta.

Beth amepiga mchana. Binti yangu huyo ana mimba ya miezi minane na hana subira na mtu. Miguu imevimba, viatu havimwingii. Nikamwambia avae vya mumewe. Hakucheka.

Jumamosi, 8 Februari

Loh.

Gazeti limefichua. Serikali inafunga wodi tisa za uzazi, na ya Skelbeck imo. Skelbeck! Mji wangu, jimbo langu. Wodi alimozaliwa Beth, na ambayo Beth mwenyewe anategemea kujifungulia mwezi ujao. Uchaguzi uliopita nilisimama mbele ya lango lake nikaapa haifungwi nikiwa hai. Picha ipo. Nimeshika bango, nachekelea kama mtu ambaye kondoo wake kapata zawadi ya kwanza kwenye maonyesho.

Sikuambiwa. Naibu waziri mzima nimesoma gazetini kama mpita njia!

Nikampigia Tamsin. Alikuwa anajua tangu Jumatatu. Kumbe ndiyo maana mafua. Ndiyo maana ubatizo.

"Kwa hiyo mimi ni mbuzi wa kafara?"

"Tusiseme hivyo, mheshimiwa. Tuseme msemaji wa serikali."

Kazi yetu ndivyo ilivyo. Ukiwa serikalini, uamuzi wa serikali ni wako. Usipoupenda, unajiuzulu. Usipojiuzulu, basi unaupenda. Halafu Tamsin akashusha sauti: Mkubwa anapanga upya baraza mwezi ujao, na jina langu limetajwa. Nikauliza limetajwa na nani. "Limetajwa tu," akasema. Nami, mjinga mimi, nikafurahi.

Jioni Beth akapiga.

"Baba, kesho utasema nini?"

Nikamwambia nitasema ukweli kwa namna inayofaa.

"Yaani hutausema."

"Beth, mwanangu, siasa ina —"

"Mimi sikuulizi siasa. Nakuuliza uchungu ukinishika nipite wapi kufika hospitali ya mbali. Ile barabara ya milimani? Si wewe ndiye waziri wake?"

Nikasema simu inakatikakatika. Haikuwa inakatika.

Jumapili, 9 Februari

Nimeshapakwa poda. Dada wa poda anasema nina ngozi nzuri kwa umri wangu, na sikumuuliza umri upi. Chumba cha kungojea kina mikate ya bekoni na kila mtu anajifanya kashiba. Isipokuwa yule jamaa wa upinzani, keshakula miwili. Kanipigia saluti mdomo umejaa. Ananihurumia! Huyo!

Wananiita.

Baadaye, kwenye gari

Nimetoka kwa Dalgleish. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Hakuniuliza mashimo. Hakuniuliza maziwa. Aliweka ile picha.

"Huyu ni nani, Bwana Ormerod?"

"Tazama, Fergus, ni mimi."

"Umeshika nini?"

"Bango."

"Hebu tusomee."

Nikasoma. WODI YETU HAIFUNGWI. Kwa sauti yangu mwenyewe, mbele ya taifa zima linalokunywa chai.

"Na leo unasemaje?"

Nikasema usalama wa mama na mtoto kwanza. Nikasema huduma haifungwi, inasogezwa kwa wataalamu. Yote kama nilivyomezeshwa. Akaniacha nimalize. Ndio ubaya wa yule bwana, anakuacha umalize.

"Inasogezwa umbali gani?"

"Maili thelathini na nane. Tazama, Fergus, maili thelathini na nane si mbali siku hizi."

"Kwa barabara ya milimani. Ni nzuri hiyo barabara?"

Hapo akanibana. Nikisema mbaya, waziri wa barabara ndiye mimi. Nikasema nzuri. Nikaongeza, na hili hakuna aliyenituma, kwamba ni miongoni mwa barabara bora kabisa kaskazini.

"Imefungwa tangu jana jioni, Bwana Ormerod. Theluji."

Nikasema, "Tazama..." Sikuwa na cha kumtazamisha. Akamshukuru mgeni wake, wakaweka muziki.

Bado kwenye gari

Mungu wangu. Tamsin alikuwa anasikiliza simu, akaiziba kwa kiganja. Mkubwa kabadili mawazo. Wodi zote tisa zinabaki. Tangazo linatoka sasa hivi.

"Sasa hivi lini?"

"Sasa hivi hii."

Kumbe walikuwa wananitazama. Wameona uamuzi hauteteeki. "Kwa kweli, mheshimiwa, wewe ndiye uliyeziokoa," akasema. "Ungeutetea uamuzi vizuri, wodi zingefungwa." Na hatanii, huyu hana utani.

Nilicheka mpaka dereva akanichungulia kwenye kioo. Mtu mmoja tu katika nchi hii ametetea jambo ambalo halipo tena, na mtu huyo ana dakika kumi na tano kukariri kinyume chake. Serikali sikivu. Tumewasikiliza akina mama. Serikali sikivu. Tumewasikiliza.

Baadaye tena

Rhona Mackie hapandishi sauti. Ana upole wa mwalimu anayejua nani kaiba chaki. Akaonyesha kipande changu cha kwa Dalgleish, chote, na ule upumbavu wa barabara bora kaskazini. Halafu:

"Hapa nina wanaume wawili, Bwana Ormerod, wamevaa tai moja. Nimwamini yupi?"

Nikasema serikali hii ni sikivu.

"Imesikia nini kati ya saa mbili na nusu na saa tatu?"

Mpiga picha mmoja akashindwa kujizuia. Nikamsikia anageuza kicheko kuwa kikohozi.

Kisha akaweka kalamu chini. "Wewe binafsi, umefurahi?"

Tamsin hakunipa jibu la hilo. Nikamwona akilini Beth ameshika mgongo kama anavyofanya akipanda ngazi.

"Ndiyo," nikasema. "Binti yangu anajifungua mwezi ujao."

"Ungekubali apitishwe barabara ile akiwa na uchungu?"

"Hapana."

"Basi nusu saa iliyopita ulikuwa unasema nini?"

"Nilichotumwa."

Na mimi — ajabu — nilijisikia mwepesi, kama niliyevua viatu vinavyobana. Ningeweza kumbusu yule mama.

Nje nilimkuta Tamsin. "Hapo umemwaga unga, mheshimiwa," akasema, bila ubaya. Akaenda kutafuta mkate wa bekoni.

Kwenye treni ya kwenda nyumbani

Ofisi ya Mkubwa imepiga mara tatu. Wanataka kabla ya jioni nitoe taarifa kwamba nilichoka, nikajieleza vibaya, na kwamba hakuna waziri anayetumwa kusema asiloliamini. Nikikubali, mambo yanaweza kutulia. Nisipokubali, hawakumaliza sentensi.

Nimewaambia nitafikiri. Sifikiri chochote. Natazama mashamba na theluji yake.

Nimemwandikia Beth: umeniona kwa Rhona? Nimemwandikia tena: nimesema, mwanangu, nimelisema wazi. Hajibu. Labda amelala. Wajawazito hulala sana Jumapili.

Kwenye treni, baadaye kidogo

Hilary amepiga.

Akauliza niko wapi. Nikamwambia naja, nikamuuliza kama wameniona. Akasema nimsikilize kwanza.

Beth amelazwa. Tangu jana usiku! Presha ilipanda, wakamkimbiza wodini, hiyo hiyo ya Skelbeck. Mtoto mzima, mapigo mazuri, ila hawamwachii mpaka presha ishuke. Daktari kasema wangechelewa kidogo yangekuwa mengine.

"Mbona hamkuniambia?" Nilipiga kelele, behewa zima likanisikia, lakini nani anajali.

"Beth alikataa. Alisema, Baba ana vipindi kesho, msimvuruge."

Mke wangu akaendelea polepole, kama anayenihesabia dawa.

"Kuna televisheni wodini. Tulikutazama wote. Mimi, Beth, wakunga, na yule mama wa kitanda cha pili aliyejifungua alfajiri, katoto kifuani. Mkunga mkuu ndiye aliyeongeza sauti. Alikuwa anamwambia kila mtu, huyo ni baba wa mgonjwa wangu. Alikuwa anakuonea fahari, Neville."

"Na kwa Rhona? Mlinisikia kwa Rhona?"

"Televisheni ilizimwa uliposema si mbali."

"Nani aliizima?"

"Beth."

Nikamwambia kwamba baadaye nilisema! Kwamba niliulizwa mbele ya watu wote nikasema hapana! Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alikunja gazeti lake, akanikazia macho, akalikunjua tena.

"Najua," akasema Hilary. "Nimesimuliwa na jirani kwa simu. Nimejaribu kumwambia. Hataki kusikia jina lako. Njoo umwambie mwenyewe."

Skelbeck, hospitali

Nimetembea kutoka stesheni. Hakuna teksi, theluji. Kwenye lango la hospitali watu walikuwa wanashangilia wodi yao, wamekumbatiana, wengine wanalia kwa furaha. Watu wangu, niliowaombea kura nyumba hadi nyumba. Nilipopita walinipisha, wote kwa pamoja. Hakuna aliyenitukana. Bora wangenitukana.

Mlango wa wodi una kengele. Akaja mkunga, mama wa makamo, Bi Entwistle kwa jina lililo kifuani.

"Ndugu wa mgonjwa tu, tafadhali."

"Mimi ni baba yake Beth Ormerod."

"Nakujua, Bwana Ormerod. Leo nani asiyekujua?" Alisema kwa upole tu, na upole wake ndio ulionichoma. Kisha akaniambia utaratibu: hapa mgonjwa ndiye anayesema nani aingie. Si mume, si mama, si waziri. "Ngoja nikamwulize."

Nikamwuliza presha imefika wapi. Akasema nitaambiwa na Beth akipenda.

Nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango. Simu inatetemeka mfukoni, ni wao, wanataka jibu lao. Nimeizima. Nawaza niseme nini nikiingia. Samahani, labda. Samahani tu, bila maelezo.

Kupitia kioo cha mlango naona korido. Mkunga ameingia nyuma ya pazia la tatu. Nasikia sauti ya Beth, maneno siyasikii. Hilary anasema kitu. Beth tena, kwa kifupi.

Viatu vya mkunga vinarudi. Haharakishi.