Maneno Chini ya Picha

4 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Sijambo, ila mgongo unanikumbusha umri kila nikiinama kufunga viatu. Wewe je? Kifua kimepona? Unakula, au bado unaishi kwa chai?

Mimi na televisheni tunaishi kama mke na mume walionuniana, tunatazamana tu. Tangu uondoke hakuna wa kukaa miguuni pangu na daftari, aniandikie anachosema mtangazaji. Naona refa anapuliza, naona watu wanabishana, sababu siijui. Kugonga mabati karakanani kulinimaliza masikio, macho yakabaki, lakini macho peke yake hayatoshi kwa mpira. Mwaka juzi nilikwenda kituo cha televisheni kuwaomba waweke maneno chini ya picha. Karani akaniandikia kwenye karatasi: "Tunalishughulikia, mzee." Mpaka leo.

Jumamosi ya tarehe 21 ni fainali. Nitaitazama kwa kinyozi, pamoja na wenzangu wa karakana. Nakuomba na wewe utazame huko uliko, uwe unanitumia maneno kwenye simu. Machache tu. Nimechoka kucheka wakati wenzangu wameshamaliza kucheka.

Baba yako

12 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua imenikuta mzima. Kifua kimetulia, na chai nimepunguza, usimwulize mtu.

Nimebadilishana zamu na mwenzangu wa mapokezi. Nitatazama kwenye chumba cha mapumziko hapa hospitali, na nitakuandikia kila kitu, hata mtangazaji akikohoa. Ila usianze kunisahihisha herufi kama zamani. Ulikuwa unanirudishia daftari nirekebishe huku watu wanafunga magoli.

Binti yako

21 Machi, kwenye simu

Saa 10:02, Binti: Timu zinaingia. Anasema uwanja umelowa, mabeki waangalie miguu.

Saa 10:04, Baba: Kinyozi amenipa kiti cha mbele.

Saa 10:31, Binti: Goli limekataliwa. Anasema mfungaji aliotea kwa unyayo tu.

Saa 10:33, Baba: Nimewaambia. Huku kelele zao ziliwazuia kusikia. Leo wananiuliza mimi.

Saa 11:05, Baba: Kipindi cha pili. Wachezaji wamesimama duara katikati. Kuna nini?

Saa 11:05, Baba: Wameonyesha picha ya Komeo, kipa wetu wa zamani. Wanampa tuzo?

Saa 11:06, Baba: Ni haki yake. Nimempigia mluzi wa vidole viwili.

Saa 11:06, Baba: Mwanangu, mbona watu wananitazama?

Saa 11:13, Binti: Baba samahani, msimamizi aliniita. Komeo amefariki leo asubuhi. Ilikuwa dakika moja ya kimya.

Saa 11:14, Binti: Baba?

9 Aprili

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Mimi nipo.

Umeandika mara nne sikujibu. Si hasira, ni aibu. Yule kipa alitupa raha miaka kumi na mitano, na siku ya kifo chake nimempigia mluzi, tena kwa nguvu, maana sijui sauti yangu ina ukubwa gani. Nilidhani wenzangu ndio wamezubaa. Mmoja wao akanisukuma. Kinyozi akanishika mkono, akanitoa nje, akafunga mlango. Maneno yako yalinikuta barabarani.

Nasikia, yaani nimeandikiwa, kwamba kinyozi alikuja nyumbani kuomba radhi. Akabisha hodi wee, mwisho akaondoka. Sasa kiziwi anabishiwa hodi? Angepita dirishani nimwone.

Televisheni nimempa jirani. Nywele najikata mwenyewe, na inaonekana. Usijilaumu. Mtu akiitwa na msimamizi wake lazima aende.

Baba yako

17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu, maana ina jambo zito.

Msimamizi hakuniita. Nilikudanganya. Mtangazaji alipotangaza kifo nilimsikia vizuri. Akaomba kila mtu, popote alipo, akae kimya dakika moja. Chumba kizima kikasimama, wauguzi, wafagizi, sote. Na mimi nikaiweka simu mezani. Tangu nikiwa na miaka minane, kwangu kunyamaza ni kuacha kukuandikia. Niliiona simu ikitetemeka, nikasema moyoni ngoja dakika iishe, ni heshima ya marehemu. Marehemu nikamheshimu, wewe uliye hai nikakuacha mbele ya watu.

Na dakika ilipoisha sikuichukua simu. Niliinua macho nikatazama mpira, sina kalamu, sina cha kuandika. Ilikuwa raha, Baba. Hilo ndilo linalonitoa machozi kila nikilikumbuka.

Kituo nimewaandikia barua mbili. Wamejibu kwamba maneno wataweka kwenye taarifa ya habari, lakini mpira unakwenda kasi mno. Mimi wa darasa la pili niliweza.

Nisamehe.

Binti yako

28 Mei

Binti yangu,

U hali gani? Hapa ni salama. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza naichana karatasi.

La simu nimekusamehe siku ile ile niliyosoma. Mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza hivyo, nitakulaumu vipi? Lililonikosesha usingizi ni lile neno moja, kwamba ilikuwa raha. Nililisoma nikalikasirikia kwanza, nisikufiche. Kisha nikajaribu kukukumbuka ulipokuwa mdogo, jioni zile za mpira, na kila ninapokukumbuka naona utosi wako tu. Ulikuwa umeinamia daftari tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Goli likifungwa mimi naruka, wewe unaandika nani kafunga.

Kazi ile ilikuwa ya kituo, nami nikakutwika wewe miaka kumi na minne. Sikukuambia hata mara moja, inua kichwa utazame. Umezisikia fainali zote hapa nyumbani na hukuona hata moja. Nilikuwa nimekaa nyuma yako, macho yangu mazima, na sikuliona hilo.

Baba yako