Vilele Vitatu, Goti Moja

Tantine Mado mpendwa,

Nakuomba unitolee mwiba huu, maana nimejichoma mwenyewe. Mimi ni Prof Alexis, nina miaka hamsini na nne, nafundisha jiografia hapa Kamalondo, nina mke mmoja, Germaine, watoto watano, kitambi kimoja, na goti la kulia ambalo halijawahi kuwa upande wangu. Kwa miaka ishirini na sita nimechora Kundelungu na Biano ubaoni kwa chaki bila kukanyaga huko hata siku moja, na wanafunzi wangu wanaamini nilizaliwa juu ya mlima.

Basi mwaka huu trente juin, sikukuu ya uhuru wetu, iliangukia Jumatatu, nikasema hizi ni siku nne, twende tukasimame mahali palipo juu kabisa katika kila jimbo, maana Katanga yetu ya zamani ilikatwa vipande vinne, vitatu vinafikika kwa gari, Tanganyika itangoja mwezi wa nane. Shemeji yangu Jeannot akakubali kutuendesha kwa jeep yake, Germaine akapika, akafunga mablanketi, halafu akaniambia, taratibu kama mtu anayetoa habari ya msiba, kwamba mama yake naye anakuja.

Tantine, wewe unajua. Kwao Kasai, na kwetu Kabongo vilevile, mwanaume hakai karibu na mama mukwe wake, hamwangalii usoni, hali naye, hampi mkono, na neno likiwepo linapitia kwa mke. Sasa siku nne ndani ya jeep moja! Jeannot akafunga liputa, kitenge kimoja cha Germaine, nyuma ya viti vya mbele kama pazia, mama na Germaine wakakaa nyuma yake, mimi mbele, shingo imenyooka kama ya askari, na kile kioo cha dereva akakigeuza kikaangalia paa, hata tukazunguka majimbo matatu bila kujua nani anatufuata, na malori ya madini yakatupigia honi mpaka Likasi.

Huyo mama mukwe, Mama Ngalula, ana miaka sitini na tisa. Marehemu mume wake aliendesha treni, akapita Biano miaka thelathini, na kila aliporudi alimwambia mke wake siku moja nitakushusha pale uone. Hakumshusha. Mama alikuja na raba za mjukuu wake, njugu za kukaanga, na ile kofia ya kazi ya marehemu ndani ya mfuko wa nailoni.

Huko Kundelungu nilipanda hatua mia mbili, nilizihesabu, na ya mia mbili na moja goti likakataa. Nikakaa juu ya jiwe, Germaine akanisugua, na nikasikia sauti nyuma ya mgongo wangu: "Germaine, ambia bwana yako aikale pa kivuli. Ile goti haiko ya kupanda mulima, iko ya kupiga ku misa. Alete simu, mi nitaenda kumuonea kule juu." Simu ikapita kwa Germaine, ikaondoka. Baada ya saa moja na nusu ikarudi na picha: jiwe, mbingu, na juu ya jiwe ile kofia ya reli.

Huko Biano nilikuwa nimejiandaa zaidi. Nilikuwa na ramani, nikaonyesha kilima, nikasema ndicho hiki, nikatoa na mhadhara, nusu saa, kwenye baridi ile ambayo inaunguza majani. Nyuma ya liputa mama akasema: "Ambia mukwe yangu, kilima yenye anaonyesha haiko yenyewe. Yenyewe iko kule, yenye iko na majani mafupi. Baba yako alinionyeshaka ku dirisha ya treni." Jeannot akacheka mpaka akaegemea mlango. Mama akaenda peke yake, na simu ilipopima urefu kule, alikuwa mita kumi na nne juu ya kilima changu, kile ninachokifundisha tangu mwaka nilioajiriwa. Kilele cha tatu, upande wa Bukama, Tantine, sitaki kukuficha kitu, mama alipanda tena peke yake, mimi hata kwenye jeep sikushuka.

Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini Jumanne, kwenye chumba cha walimu, mwenzangu Lucien aliona zile picha, akaita: "Eh, Prof! Njo weye ulifika pale juu?" Ningeweza kusema hapana, neno fupi hivi. Nikasema: "Kulikuwa baridi, vieux." Akauliza: "Na ile kofia?" Nikasema: "Ya jua." Neno la uongo hapo huwezi kulikamata kwa mkono, lakini limo. Lucien akamwambia padri, padri akatangaza kwenye misa ya Jumapili kwamba Jumamosi ijayo, katika ukumbi wa parokia, Prof wetu atatueleza jinsi alivyopanda vilele vitatu, watu wakapiga makofi, na kwenye benchi la pili upande wa wanawake niliona kitambaa cha kichwa cha mama mukwe kinainama. Germaine na Jeannot waliniona nimebaki chini, lakini shahidi wa kule juu ni mtu mmoja tu duniani, na ndiye yule ambaye desturi inamkataza kunisemesha.

Hakulalamika. Hajamwambia neno hata Germaine. Jumatatu alituma ujumbe mmoja kwa simu ya Germaine: "Mama anauliza, goti ya mukwe yangu inaendelea namna gani?" Sijamjibu mpaka leo. Tantine, nijifanye mgonjwa Jumamosi, au nisimame nijivue nguo mbele ya wanafunzi wangu?

Alexis, Kamalondo

*

Papa Alexis,

Nimecheka, nimeifuta miwani, sasa nakukasirikia.

Kwanza usijifanye mgonjwa. Utakuwa na uongo wa pili, na mama mukwe wako ataleta supu.

Hukuiba mlima. Milima ipo palepale. Ulichochukua ni ile kofia. Mwanamke alingoja treni ya mume wake miaka thelathini, akabeba kofia yake mpaka mahali alipoahidiwa, kwa raba za mjukuu, na wewe ukasema ni ya jua! Hapo ndipo ulipokosa, baba, na moyoni unajua, ndiyo sababu mkono wako umeandika kurasa hizi zote juu ya goti.

Halafu unasema desturi inamfunga mdomo. Desturi hiyo ni heshima, usiifanye kufuli ya sanduku lako. Inakukataza kumkaribia, haikukatazi kumsifu mbele za watu. Hata yeye aliishika vizuri kuliko wewe: alikusahihisha mara mbili, ya pili mlima mzima, bila kukuangalia usoni. Mimi nimefundisha watu kuishi ndani ya ndoa kwa miaka mingi na sijaona adabu yenye makali namna ile. Namvulia kitambaa.

Basi Jumamosi utafanya hivi. Nenda mapema, chora ramani yako, maana kuchora unajua, na kile kilima cha Biano kichore mahali pake safari hii. Watu wakijaa, sema kwa sauti ya darasani: nilipanda hatua mia mbili, aliyefika ni Mama Ngalula, na kofia ni ya mume wake. Taja jina la marehemu lote. Kisha toka nje, usimame dirishani kama mwanafunzi aliyechelewa, ili mama apate nafasi ya kusimama mbele na kusimulia bila kuvunja miko. Wanafunzi wako watakucheka siku mbili. Wiki ya tatu watakuwa wanajua kwamba Prof wao anaweza kukosea na kusema nimekosea, na somo hilo halimo kwenye ramani yoyote.

Kesho yake asubuhi peleka kuku, jogoo mkubwa, kwa mkono wa Germaine. Picha zote tatu zitengeneze, zitie fremu, naye akaziweke nyumbani kwake. Mwezi wa nane mpelekeni Tanganyika, Jeannot afunge liputa, na kioo chake akirudishe kwenye barabara, tafadhali, sisi wengine nasi tunasafiri.

Lakini yote hayo ni ya Jumamosi, na kuna mtu aliyekuuliza swali tangu Jumatatu. Usiku huu usilale hujalijibu. Muite Germaine, mwambie: ambia mama, goti halikufika kule juu, ni yeye alifika.

Tantine Mado